Jina Alilomwita Mbele ya Wazee

Juzi simu ya binti yangu ililia mezani, hapa kwetu mtaani Himbi, kando ya ziwa, na kwenye kioo nikasoma "Bebe". Nilipomuuliza huyo bebe ni nani, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nami nilicheka, lakini rafiki yangu, moyo ulikuwa umeshatoroka, umerudi kwenye ua wa bibi, wenye ukuta wa mawe meusi na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na makala ya kupikia.

Majina ya mapenzi tuliyaokota njiani tukitoka ziwani na bidoni za maji. Vijana waliosukuma mizigo kwa chukudu, zile baiskeli za mbao, walipiga kelele: "Sheri, leta nikubebeye!" Aliyeitwa zaidi ni shangazi, kitinda mimba wa nyumba ile: sheri, mukunzi, bolingo, mon ker. Aliinamisha kichwa akapita. Siku moja nilirudi na neno jipya, deziemu biro, yaani ofisi ya pili, nikamuuliza bibi mbele ya wageni kama baba naye anayo, maana alikuwa karani. Kofi nililopata lilinifundisha kwamba ni mwanamke wa pembeni.

Bibi mwenyewe hakuwa na sheri wala bolingo. Alitoka milima ya Masisi, na kwao mke hataji jina la mumewe. Babu aliitwa naye "Papa wa batoto bangu", baba wa watoto wangu, basi. Msichana asiyeolewa hathubutu kumwita mwanamume hivyo.

Kisha akaja muuza maharagwe kutoka mji wa Kiwanja. Shangazi alimpenda, na nyumba nzima ilijua, maana alianza kuimba akisugua sufuria. Babu hakumtaka. Alitaka mkwe mfugaji, mtu wa milimani kwao. Alikubali kuwapokea wageni waliokuja kumposea kijana kwa adabu tu, na alisema wazi: shangazi akisitasita atakapoulizwa mbele ya wazee kama anamjua kijana, wageni watarudi na vitu vyao. Naye shangazi alikuwa mwoga wa kusema hata mbele ya paka! Sisi watoto tulimfundisha kila siku nyuma ya jiko. "Sema mon ker," nilimwambia, "bazee batapenda Kifaransa."

Siku ikafika. Wageni walijaa uani, sambaza, dagaa wa ziwani, zikakaangwa, fufu ikasongwa kwenye masufuria ya kuazima. Shangazi aliletwa katikati, amevaa kitenge kipya. Babu akamuuliza:

"Mutoto wangu, uyu mutu unamujua? Ni nani kwako?"

Kimya. Vidole vya shangazi vikakunjakunja kitenge. Nikajua tumekwisha. Babu akaanza kuinuka kitini, na kule upande wa wageni yule kijana akafumba macho. Hapo shangazi akanyanyua uso.

"Ni Papa wa batoto bangu."

Mama yangu wee! Mahari haijaguswa, mtoto hata mmoja hayupo, naye amemwita kama mke aliyezeeka naye! Wazee walishika midomo. Bibi ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele, kisha mama, kisha majirani juu ya ukuta. Babu alibaki nusu amesimama, halafu akacheka, yeye ambaye hakucheka ovyo.

"Sasa mie niseme nini tena?" akasema. "Mulete chakula."

Tulishinda, rafiki yangu! Tulicheza mpaka sauti zikakauka, na shangazi, yule mwoga, alicheza mbele yetu sote.

Bibi na babu tumeshawazika, na pale uani pamejengwa ghorofa. Siku hizi kwenye sherehe hizo hukodiwa msemaji mwenye kipaza sauti, anauliza na kujibu mwenyewe, na bibi harusi anatabasamu apigwe picha. Wanapendeza, siwalaumu. Ila ninaukosa ule ukimya, wazee wote wa ukoo wameshika pumzi, wakimngoja msichana mmoja mwoga aseme anampenda nani.