Siku Tuliyotembezwa Geneva Tukiwa St Marys

Nikisikia mchele ukimiminwa kwenye sufuria, mpaka leo moyo hunishtuka kwanza, ndipo nikumbuke kwamba ni mchele tu. Wanangu hunicheka. Nyinyi nitawaambia kisa chake, ingawa nusu yake ya mwisho sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi, mwaka wa pili wa korona, Sydney ilipofungwa miezi na miezi. Tulikaa mtaa wa St Marys, nyumba ya kupanga karibu na reli, mimi na wazazi wangu. Kutembeleana kulikuwa marufuku, na kutoka zaidi ya kilomita tano kulihitaji sababu. Mama alihudumia wazee kwa zamu za usiku, akirudi analala mpaka alasiri. Baba alikuwa Minto, kwenye ghala ambako simu zilifungiwa kabatini mpaka zamu iishe saa kumi na moja.

Siku hiyo mama alikuwa ameamka tu, yuko bafuni anatia udhu, tableti yangu ya shule ikaita. Alikuwa Mamdogo Zuhura, mdogo wake mama, aliyefanya usafi hotelini Geneva. Kwake ilikuwa mapema asubuhi. Hakunisalimia.

"Simu ya mama yako iko wapi?"

"In the kitchen," nikamjibu. Enzi hizo Kiswahili nilikisikia chote, ila mdomo wangu ulijibu Kiingereza.

"Ichukue uifiche. Asiione mpaka baba yako aingie ndani. Na usilie, mwanangu, ukilia atajua."

Nilipoichomoa kwenye chaji, kioo kikawaka. Kwenye kundi la ukoo, mjomba alikuwa ameandika Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, mama katutoka asubuhi hii. Mama huyo alikuwa bibi yangu wa Tanga, aliyekuwa akikohoa wiki nzima na kutuambia ni vumbi.

Sheria niliijua. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa peke yake. Watu husubiriwa wafike, mfiwa aketishwe, awepo wa kumshika, ndipo mmoja afungue kinywa. Baba alipofiwa na kaka yake, akina mama wa pwani walitoka Seven Hills na magari matatu wakajaa sebuleni kabla hajarudi kazini. Alipoona viatu vyao mlangoni alishajua. Safari hii hapakuwa na wa kuja, na mtoto wa miaka kumi hahesabiwi kuwa mtu wa kumshika mfiwa. Kwa hofu hata kuizima simu sikukumbuka. Niliizika ndani ya ndoo ya mchele nikafunika.

Mama alipomaliza kuswali, Mamdogo akapiga tena. "Dada, leo nina ruhusa kazini. Kaa hapo nikutembeze mji."

Mama, ambaye kwa wiki kadhaa hakuona zaidi ya wazee wake na dirisha la treni, alivuta kiti akakaa na kanga yake kichwani. Tukaiegemeza tableti kwenye chupa ya chai. Mamdogo alikuwa amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe halijakolea. "Umeshakuwa Mzungu," mama akamtania, na Mamdogo akacheka kidogo akageuza kamera upande wa ziwa.

Ziwa lilikuwa kubwa, limetulia. Tuliona mabata maji meupe yenye shingo ndefu yamelala, yamefukia vichwa mbawani. Tukavuka daraja lililopangwa bendera. Tukaonyeshwa saa kubwa iliyopandwa kwa maua, mama akauliza nani anaimwagilia, na analipwaje. Tukapanda vichochoro vya mawe vya mji wa kale mpaka pumzi za Mamdogo zikasikika. Mama alitaka kila kitu kisogezwe karibu, hata bei za mikate dirishani. Mimi nilitazama saa ya ukutani. Saa kumi. Saa kumi na robo.

"Simu yangu iko wapi?" mama akasema ghafla. "Hebu nimpigie mama, naye ayaone haya mabata."

Niliangalia chini ya meza.

"Amelala, dada," Mamdogo akasema. "Mwache alale. Njoo uone hapa wanavyouza maua." Akaanza kutembea mbio, picha ikawa inaruka.

Giza la baridi lilipoanza kuingia kwetu, mama akainuka kupika. Alikuwa ameshika kikombe cha kupimia mchele, anaiendea ndoo, nami nikasikia mtetemo ndani yake, mchele ukichezacheza.

"Mama, naomba leo tule tambi," nikasema.

Akageuka polepole. Kwanza, nilizichukia tambi, na nilishawahi kuzililia mezani. Pili, nilisema kwa Kiswahili.

"Una homa?" Akanigusa paji la uso, na kwa mwaka ule homa haikuwa jambo la utani. Alinitazama kwa wasiwasi kiasi kwamba nilitamani kumwambia yote. Kwenye tableti Mamdogo akaita kwa nguvu, "Dada, rudi, watafungulia maji ya ziwani sasa hivi, yanaruka juu kushinda ghorofa. Usiponiona nakukasirikia." Mama akaweka kikombe, akarudi, akanipakata mimi mkubwa wa miaka kumi. Tukasubiri maji. Sijawahi kusubiri kitu namna ile.

Yaliporuka, mama alisema mashallah. Wakati huohuo ufunguo ukageuka mlangoni. Baba aliingia hadi jikoni bila kuvua viatu, barakoa bado usoni, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama akamshika mikono. Mama aliangalia viatu vyake, akaniangalia mimi, kisha akatoa sauti ambayo sikujua anayo.

Nami nilikumbuka adabu. Niliinama kwenye tableti nikasema, "Ahsante kwa matembezi, Mamdogo." Nikaikata.

Kwa miaka mingi nilijivunia siku ile. Nilihesabu kwamba mimi na Mamdogo tulimvusha mama salama, na kwamba Mamdogo alikuwa hodari wa kuficha kunishinda. Nilishakuwa mtu mzima nilipomuuliza nani alimpa yeye habari. Alisema hakupewa na mtu. Aliamka kwenda kazini, akakaa kitandani kufunga viatu, akafungua simu, akausoma ule ujumbe wa mjomba peke yake katika chumba chake cha kupanga. Kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba dada asiusome hivyo.

Aliyefariki alikuwa mama yake pia. Hilo nililijua siku zote, kama ninavyojua jina langu, na sikulifikiri hata mara moja. Usiku ule akina mama wa Seven Hills walimsomea mama dua kwa simu, na watu wa kila upande wakampa pole. Mamdogo nilimwacha amesimama kando ya ziwa, simu imekatika mkononi, na hakuna aliyempigia mpaka kesho yake.