Pasi Iliyonyimwa Usingizi

Mtaani kwetu ukipita na suruali iliyopigwa pasi na mamdogo wangu, watu wanasogea pembeni, eti wasikatwe. Ndio utani wenyewe. Ule mstari wa mbele unasimama kama wembe, na ndio maana wakamwita Mama Wembe, mwanamke ambaye hata kuku akiingia jikoni anamwomba atoke.

Mamdogo ni mdogo wake mama. Mama alipofariki alinichukua nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu, akanilea yeye na mume wake, bamdogo, ambaye ni fundi umeme. Wamenilisha wote wawili, hilo sikatai. Lakini hii naiandika nikiwa na hasira, na kama wewe ni mtu wa kutaka maneno yapakwe mafuta, ishia hapa.

Kazi yake ni pasi toka usichana. Alianza na ya mkaa, ikaja ya umeme ya zamani, lile chuma zito lisilo na huruma, ukilisahau linakukumbusha kwa moshi. Hilo chuma ndilo lililomtia adabu: mkono ukiachia pasi, mkono huohuo unachomoa plagi. Mteja akimwita, anachomoa. Akitaka kupiga chafya, anachomoa kwanza ndio anapiga. Tulikuwa tunamcheka nyumbani, tunamwambia mamdogo wewe utakuja kuchomoa hadi jua.

Duka la dobi alilofanyia kazi liko nyuma ya kituo cha mafuta. Mbele kuna kaunta, bosi kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anazunguka tu. Nyuma kuna chumba kirefu chenye meza tatu za pasi, waya wa kutundikia nguo zilizokwisha kunyooshwa, na feni ya ukutani inayolia kama mbuzi aliyefungwa. Meza mbili za mlangoni ni za dada mmoja tunayemwita Kicheko na mdogo wake. Meza ya mwisho kabisa, chini ya feni, ilikuwa ya mamdogo. Suti, magauni ya harusi, nguo za watu wanaojisikia, zote zilikuwa zinapelekwa meza ile.

Siku moja bosi akaleta pasi mpya. Nyepesi, za kupendeza, na ndani zina swichi ya kujizima. Ukiilaza bila kuisogeza, muda mfupi tu inafanya tik, kitaa kinazimika. Ukiisimamisha wima inakuvumilia kidogo zaidi, halafu tik, nayo imezima. Ukiishika tena inaamka. Bamdogo ndiye aliyeitwa kufunga soketi mpya na kuwaelekeza wote.

Mamdogo aliendelea kuchomoa plagi kama kawaida yake. Soketi mpya ikaanza kulegea, bosi akaanza kununa. Bamdogo akaitwa aje aikaze, na mbele ya watu wote, mpaka wateja wa kaunta wakasikia, akamwambia mkewe: "Hii pasi ina akili kukushinda, mke wangu. Iache. Inalala yenyewe."

Watu walicheka. Kicheko alicheka mpaka akakaa chini. Mamdogo naye akacheka, lakini ninamjua, kile kilikuwa kicheko cha kufunika chungu kisichemke. Toka siku ile akaanza kujilazimisha. Ilimchukua muda, mkono ulikuwa unaenda kwenye plagi wenyewe, anaurudisha. Mwisho akazoea. Tena akaipenda. Nikipita dukani nilimkuta anaisimamisha pasi, anasubiri tik, halafu anaiambia, "Lala mwanangu." Mtu mzima anaongea na chuma. Lakini alikuwa na raha. Alisema maisha yake yote amekuwa mlinzi wa moto, sasa amepata wa kupokezana naye zamu.

Yakaja majira ya kufungua shule. Sare zikaja milima kwa milima. Sasa pasi ya kulala ina shida yake: unafunga vifungo vya shati, unageuza kola, unarudi unakuta imeshalala, unasubiri ipate moto tena. Bosi akawa anapiga kelele kutoka kwenye kiti chake kwamba pasi zina uvivu kuliko watu. Siku mamdogo alipoenda hospitali kwa ajili ya mgongo, maana kusimama miaka yote hiyo si mchezo, kazi dukani iliendelea bila yeye. Aliporudi kesho yake aliona pasi zimechangamka ghafla. Akadhani umeme ndio umekuwa mzuri. Na kwa kazi ilivyowabana, hakuna aliyekuwa anaiachia pasi muda wa kutosha kusikiliza kama imefanya tik au haijafanya.

Halafu umeme ukakatika mchana. Joto mle ndani halivumiliki feni ikisimama, wakatoka nje kukaa kwenye ukuta wa kituo cha mafuta. Kicheko na mdogo wake walichomoa plagi zao wakatoka. Mamdogo alisimamisha yake wima, akatoka. Si inalala yenyewe?

Umeme ulirudi wakiwa bado nje wanapiga soga. Feni nayo ikarudi. Juu ya meza ya mamdogo kulikuwa kumetundikwa gauni la harusi, refu, la kile kitambaa chepesi kinachoruka hata ukikipumulia. Feni ikalipuliza likaangukia pasi. Na pasi haikuwa imelala.

Mamdogo ndiye aliyeona moshi wa kwanza, na ndiye aliyeingia. Alichomoa plagi, akalivuta gauni linawaka mikononi, akalikanyaga. Liliungua gauni, ikaungua meza, ukaungua waya mzima wa nguo, dari ikawa nyeusi. Mkono wake wa kulia ngozi ilitoka kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Hakufa mtu. Bosi alisimama barabarani akamtukana mbele ya kila aliyekuwa akipita, kwamba amepewa pasi yenye akili na bado ameshindwa nayo. Akamwambia aje kesho na mume wake, na mwenye gauni atakuwepo, ijulikane moja.

Mimi nauza makava ya simu ng'ambo ya barabara. Vurugu ilipotulia nikaiona ile pasi imetupwa kwenye takataka, nikaichukua. Nilikuwa na hasira na ile pasi, sijui nikuelezeje. Nilitaka kujua imekuwaje isilale. Nikaifungua kwa bisibisi. Ile swichi ilikuwepo, nzima kabisa, lakini juu yake kimepitishwa kipande cha waya, kutoka huku kwenda kule. Kimeungwa dairekti. Yaani umeme unaipita swichi kama mtu anayempita mgeni wake barazani bila salamu. Itazimaje?

Na ule waya ncha zake zilikuwa zimesokotwa mara mbili, halafu zikakunjwa nyuma kama mkia wa nguruwe.

Nilikaa chini pale pale kwenye takataka. Msokoto ule naujua. Taa ya chumbani kwangu ina msokoto ule. Redio yetu ina msokoto ule. Kengele ya mlangoni hivyo hivyo. Hakuna fundi mwingine anayekunja waya namna ile.

Nikaipeleka nyumbani, nikaiweka mezani mbele ya mamdogo. Alikuwa amefungwa bandeji. Aliangalia ndani ya pasi. Halafu akanyanyua macho akaiangalia taa ya dari, akayarudisha kwenye pasi.

Bamdogo aliporudi hakuulizwa mara mbili. Alikaa, akavua kofia, akasema yote huku anaongea na kofia. Bosi alimwita siku ile ya hospitali, akamwambia aziunge zote zisilale. Akaziunga. Kicheko na mdogo wake wakaambiwa palepale kwamba kuanzia sasa wachomoe plagi. Kuhusu Mama Wembe, bosi alimwambia, huyo unalala naye kitanda kimoja, utamwambia mwenyewe.

"Na hukuniambia," mamdogo akasema.

Alijua angekataa, bamdogo akasema. Alijua asingeshika pasi ya namna ile, angeleta ubishi dukani, na bosi alikuwa ameshamwahidi kazi ya kufunga umeme wa duka jipya analofungua. Alikuwa anasubiri msimu upite, aje azifungue kimyakimya, yaishe. Na Kicheko na mwenzake hawakuwa na sababu ya kumkumbusha, maana nani angewaza kwamba mume hajamwambia mkewe?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mamdogo nguo ndio kazi yake.

Mimi nilisimama nikamwambia bamdogo maneno ambayo sitayaandika. Nikasema kesho nitakwenda mwenyewe, nimpasulie bosi mbele ya mwenye gauni. Mamdogo akanikalisha kwa jicho tu.

"Ukisema wewe, ni mtoto anamtetea mama yake," akasema. "Akisema yeye, ni ukweli." Halafu akamgeukia mumewe. "Sitaki umtukane mtu. Sema tu kwamba niliambiwa inalala, na haikuwa inalala. Basi. Nisitoke pale naitwa mzembe."

Bamdogo akaitikia kwa kichwa. Akasema sawa mke wangu.

Asubuhi tukaenda. Mamdogo alikuwa amemnyooshea shati kwa mkono wa kushoto, kwa pasi yetu ya nyumbani, anauma meno, na bado mstari wa mkono wa shati ulikuwa unasimama. Alitaka mumewe asikilizwe.

Bosi alikuwa kwenye kiti chake, mwenye gauni kasimama na mama yake, Kicheko na mdogo wake ukutani. Bosi akaanza hadithi yake: pasi za kisasa, uzembe wa watu wa zamani, yeye ni mfanyabiashara mwaminifu. Alipomaliza akamgeukia bamdogo. Akamuuliza kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayekukumbusha deni la fadhila, kwamba fundi, wewe ndiye unayezijua hizi pasi, kuna tatizo lolote kwenye pasi zangu?

Mamdogo alikuwa anamtazama mumewe. Wote tulikuwa tunamtazama. Kicheko alikuwa anatazama viatu vyake.

Bamdogo akajikohoza. "Pasi zilikuwa nzima," akasema. "Labda ilikuwa bahati mbaya."

Bahati mbaya! Mimi nilishindwa. Nikatoa ile pasi kwenye mfuko nikaibamiza kaunta, nikamwonyesha mwenye gauni ule waya. Hii hapa, nikasema, hii ndiyo bahati mbaya. Bosi hata hakushtuka. Aliitazama, akacheka kidogo, akauliza nani ameifungua. Nikasema mimi. Akawageukia wale wateja akawaambia, mnaona? Imekaa kwa fundi usiku kucha, mtoto wa nyumbani kaifungua kwa mkono wake, leo ina waya. Mama wa bibi harusi akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemchomea mwanawe gauni.

Nilimwangalia Kicheko. Nikamwambia dada sema basi, ya kwako si imeungwa hivihivi? Akasema yeye mambo ya umeme hayajui. Anapiga pasi tu.

Mamdogo alifukuzwa palepale. Hakulia. Alienda kwenye meza yake iliyoungua, akachukua chupa yake ya kunyunyizia maji, akatoka nayo. Mlangoni alisimama mbele ya bamdogo, nikadhani atamzaba kofi, na mimi ningemshika bamdogo ili lisikose. Akalitazama tu lile shati, kola mpaka kiunoni. Akapita.

Bamdogo alipata kazi ya duka jipya. Mamdogo mkono ulipona vibaya, ngozi imevutika, vidole viwili havikunjiki, lakini amerudi kwenye pasi. Anapigia watu nguo nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, kwa pasi isiyo na swichi yoyote. Anachomoa plagi hata akigeuza kola. Soketi imelegea mpaka inacheza ukutani. Bamdogo alisema ataikaza. Akaambiwa aiache.

Bado anampikia. Maji ya kuoga anamwekea. Akiumwa anamkanda. Hajamtolea neno baya hata moja, hata mimi nikianza ananinyamazisha, ananiambia huyo ni baba yako, chunga mdomo. Nguo zake anamfulia, anamkunjia, anamwekea kitandani. Anazipiga pasi nguo za nyumba nzima, mpaka vitambaa vya jikoni, mpaka soksi zangu. Za bamdogo hapana.

Mwanzo mtaa ulidhani Mama Wembe anaumwa. Fundi anapita na shati limekunjamana kama limetafunwa na ng'ombe, na nyuma yake napita mimi, mstari unakata upepo. Wakaanza kutania, bamdogo akawa anacheka nao. Halafu utani ukaanza kupungua, maana watu si wajinga, wanajumlisha. Akajaribu kujipigia mwenyewe, akaunguza kola. Siku ya ufunguzi wa lile duka jipya alimpelekea Kicheko suruali yake kwa siri. Alipotokea nayo kijiweni, muuza magazeti akaitazama juu mpaka chini, akamwambia, "Fundi, huu mstari umepinda. Huu si mkono wa kwako nyumbani." Hakuna aliyecheka.

Bosi naye mambo yake yanakwenda vizuri tu, msije mkadhani. Duka jipya limejaa. Pasi zake hazilali.

Na bamdogo siku hizi akirudi anakaa sebuleni na shati lake hilohilo, mamdogo yuko mezani anapiga pasi nguo za watu. Kila anapoiachia, anachomoa. Bamdogo anaisikia plagi inavyotoka ukutani, ananyanyua kichwa, anakiinamisha. Inatoka tena.