Tanzia Iliyosema Alifariki Ghafla

Mimi ni mkutubi hapa Garissa. Mwaka ule nilikuwa nikikusanya habari za daktari mmoja wa ngamia, mzaliwa wa Wajir, ili aingizwe kwenye kamusi ya wanasayansi wa nchi yetu. Mhariri alitaka mistari ishirini tu. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Nilichokipata kilikuwa kichache: orodha ya makala zake, picha moja ya kikundi, na tanzia fupi katika jarida la madaktari wa mifugo iliyosema alifariki ghafla akiwa kazini. Nikaenda kwa mjane wake, Waberi. Eeddo yule, yaani shangazi kwa Kisomali, alinimiminia chai, akaisikiliza tanzia nikimtafsiria kwa Kisomali, kisha akanipokonya ile karatasi na kuikunjakunja.

"Ghafla?" akasema. "Nililetewa mtu ambaye sikumjua uso. Nilimtambua kwa miguu."

Hakujua nani aliyempiga mumewe mpaka kufa. Wazee wa koo walilipana diya, fidia ya damu, shauri likafungwa, na yeye hakuna aliyemweleza.

Njia niliipata mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki: mwisho kabisa wa makala yake ya mwisho, iliyotoka baada ya kufa kwake. Kwenye shukrani, baada ya kuitaja maabara, alimshukuru mfugaji mmoja wa karibu na Liboi kwa kumshikia ngamia wakati wa kutoa damu. Aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Kwetu jina kamili namna hiyo linatosha kukufikisha mlangoni kwa mtu. Uliza huku, uliza kule, nikaambiwa mzee huyo siku hizi anauza mbuzi sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Ifo.

Nilimkuta amekaa mkekani ndani ya banda la mabati. Nikamsomea ile shukrani.

"Adeer," nikasema, nikimwita ami kwa heshima, "ulimfahamu daktari huyu?"

"Mimi ndiye niliyeanza," akajibu.

Akanieleza. Daktari alikuwa ametoa damu ya ngamia wake na kumwambia awatenge wagonjwa. Hakuwatenga. Siku chache baadaye ngamia wakaanza kuanguka mmoja mmoja, na majirani wakasema ni sindano iliyowaua. Daktari aliporudi baada ya wiki kadhaa na kutoa damu ya waliobaki, mzee alimpiga sikioni kwa hangool, ile fimbo yenye panda ya kuburutia miiba. Wenzake wakamfuata.

"Hakujikinga kichwa," mzee akasema. "Alilalia mkoba wake wenye chupa za damu. Tulimpiga mgongoni, nikasikia mbavu zikivunjika kama kuni kavu. Alisimama mara mbili. Mara ya pili aliniita kwa jina langu. Nikampiga mdomoni ili asilitaje tena."

Chupa walizipasua kwa mawe, damu ikanywewa na mchanga. Daktari alikata roho ndani ya gari, kabla hawajafika Garissa.

Niliandika kila neno. Sikumwona mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni, mwanamume mzima mwenye ndevu, akisikiliza.

"Diya ililipwa!" akafoka. "Shauri lililolipwa halifukuliwi! Unataka wanangu wasome kitabuni kwamba babu yao ni muuaji?"

Alichukua nondo iliyokuwa ikizuia mlango, akanipiga mkono ulioshika kalamu. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijahisi maumivu. Pigo la pili lilinipata shavuni, nikatema jino na damu juu ya mkeka. Akanikanyaga shingoni huku akirarua daftari langu. Pumzi ilikatika. Nilianza kutamka shahada, na nakumbuka hasira niliyokuwa nayo, kwamba nakufa kwa ajili ya mistari ishirini.

Mzee akainuka. Alimchapa mwanawe usoni kwa bakora, akarudia, akarudia tena, bila neno, mpaka unyusi ukapasuka na yule mwanamume akapiga magoti akijifunika macho. Hata hapo hakuacha. Alimpiga vidole vilivyofunika macho. Wachuuzi wa jirani ndio waliomshika mikono.

"Hivi ndivyo nilivyomfanya," akaniambia akihema. "Hivi hivi. Andika."

Niliandika kwa mkono wa kushoto, nikiwa kitandani hospitalini, kabla sijasahau. Kisha nikamwendea mjane na plasta yangu, nikamweleza yote. Aliuliza kama mumewe alilia. Nikasema sikuambiwa hivyo. Akataka jina la mzee, nikamtajia.

"Kifo kiandike," akasema. "Jina la huyo liache. Wajukuu wake hawakumpiga mtu."

Mhariri alikataa. Alitaka chanzo kilichochapishwa, na kilichochapishwa kilikuwa ile tanzia. Tulivutana kwa simu miezi kadhaa. Nilimwambia vyanzo vyangu ni watu wawili, aliyemzika na aliyemuua, na kwamba tanzia iliandikwa na mtu ambaye hakuwapo. Mwishowe akakubali kuandika kwamba aliuawa kwa kupigwa akiwa anachunguza ugonjwa wa ngamia, na chini, kwa herufi ndogo, akaweka kwamba habari hiyo ilitokana na mahojiano.

Kitabu kilipofika nilimsomea mjane. Pale pa kuuawa aliniomba nirudie. Kisha akataka nimsomee vichwa vya makala za mumewe, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja akaniuliza ni ugonjwa gani huo.