Ng'ombe wa Ukuta wa Bomet

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika rangi. Fundi Mkuu wa karakana ya mabango pale Kapsoit alinipa mkebe wa tapentaini na brashi zilizoganda, akasema, "Osha. Ukimaliza, osha tena." Nilikuwa msichana peke yangu pale, na wanaume wakacheka eti mwezi hautaisha kabla sijarudi kuchuma majani chai. Nilikasirika sana. Mama yangu alichuma chai maisha yake yote, na mgongo wake niliujua. Kurudi huko sikutaka hata kidogo.

Nyinyi wa siku hizi mnabonyeza kompyuta, bango linatoka likiwa limekauka. Sisi tulianza na praima, ile rangi ya chini inayoshika zile nyingine, halafu tukasubiri. Kisha tulipaka uzi unga wa chaki, tukauvuta na kuuachilia, ukaacha mstari ulionyooka wa kukalia herufi. Picha tulitoa kwenye kalenda, tukizigawa miraba midogo kwa penseli. "Fundi habuni," Mkuu alituambia kila siku. "Fundi ananakili." Nikanakili kuku Kapsoit, nikanakili magunia ya unga kwenye posho mill ya Sigowet, mpaka akaniamini na kunituma Bomet kufanya ukuta mzima wa hoteli.

Mwenye hoteli, Mama Chepkoech, aliuza chai, chapati na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Alitaka ng'ombe ukutani. Nikamchorea yule wa kalenda, mweupe mwenye mabaka meusi, sawasawa kabisa. Alitoka jikoni akifuta mikono, akatazama, akasonya.

"Na hii namba sikioni ni ya nini? Ng'ombe ni gari?"

Ai! Nilikuwa nimenakili hata kile kibati cha manjano cha sikioni. Wateja walicheka mpaka wakamwaga chai. Mama hakucheka. Alitaka ng'ombe wake mwenyewe, yule ambaye maziwa yake ndiyo yaliyoanzisha hoteli, aliyekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Picha yake haikuwepo. Nani wakati huo alipiga ng'ombe picha?

Nikampigia Fundi Mkuu simu. "Bila picha hakuna kazi," akasema. "Na huo ukuta ukikataliwa, brashi zangu ziache hapo hapo, uende kwa mama yako shambani."

Nilikaa juu ya debe la rangi nikitaka kulia. Ndipo nikamkumbuka baba. Sisi tulitoka Kisii, tukaishi chumba kimoja katika kambi ya shamba la chai, ambako kufuga ng'ombe hakukuruhusiwa. Jambo hilo lilimuuma baba. Jioni alituita watoto, akatuhadithia ng'ombe wa kwao mmoja mmoja: huyu pembe moja imepinda kuelekea jicho, huyu hutembea akiyumba kama mama mjamzito. Tulichuma ndulele, yale matunda ya manjano ya kando ya barabara, tukayatia miguu ya vijiti yawe ng'ombe hao, na kulala hatulali mpaka baba aseme, "Ndiyo, huyo ndiye." Sikuwahi kumwona hata mmoja wa ng'ombe hao, lakini niliwajua wote.

Nikaingia jikoni. "Mama, niambie alivyokuwa."

"Alikuwa mwekundu."

"Mwekundu gani?"

"Kama udongo wa hapo nje mvua ikishanyesha."

Nikauliza pembe, nikauliza masikio. Halafu nikauliza, "Na ukichelewa kumkamua, alikuwa anakuangalia vipi?"

Mama aliacha chapati ikaungua. "Alinigeuzia mgongo," akasema, "halafu anachungulia kama nimekuja."

Nikamchora hivyo, amegeuza mgongo, kichwa kimerudi nyuma. Nilipomaliza, Mama alisimama mbele ya ukuta akamwita kwa rangi yake, vile Wakipsigis huwaita ng'ombe wao, akalia bila kuona haya. Fundi Mkuu alipokuja kukagua alitafuta kosa wee, mwisho akauliza, "Huyu umemtoa wapi?" Nikamwambia, kwa baba. Habari ya kalenda sikuisikia tena.

Nilifanya kazi hiyo mpaka mkono ukaanza kutetemeka, nikastaafu. Mabango ya plastiki yalikuwa yameshatuondoa wengi. Sina kinyongo, ingawa nikiyaona yamepasuka kwa upepo nafurahi kidogo.

Majuzi binti wa Mama Chepkoech alinipigia simu. Ukuta ulibomoka kwa mvua, wamejenga mpya, na mama yake, ambaye sasa ni mzee sana, kila asubuhi anauliza ng'ombe amepelekwa wapi. Kwa mkono huu singeweza. Nikamchukua Chebet, msichana anayechora vibao vya saluni huko Kapsoit. Tulipofika tu akatoa simu kutafuta picha ya ng'ombe.

"Weka mfukoni," nikamwambia.

"Sasa Mama Moraa, nitachora nini?"

Nikamkalisha kando ya mzee, nami nikavuta kiti pembeni. Niliogopa, kwa sababu kama hangeweza, ng'ombe yule angeisha na mimi na Mama Chepkoech. Chebet alianza vibaya: alikuwa mkubwa kiasi gani, alikuwa na maziwa mangapi. Mama Chepkoech akajibu kwa mkato, akaangalia mlango. Ulimi uliniwasha kumsaidia. Kisha msichana akasogeza kiti chake karibu.

"Gogo," akamwita, yaani nyanya, "huyo ng'ombe alikuwa anakupenda?"

"Huyo?" Mama Chepkoech akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Huyo alikuwa na maringo! Ukichelewa tu..."

Chebet akaokota chaki. Mimi nikatoka nje kutafuta udongo uliolowa, ili nimchanganyie rangi.