Siku Niliyomlilia Mume wa Mtu

Nichekeni, lakini kwanza mnisikilize.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ndogo huku Hurlingham. Juzi asubuhi nilikuwa nikiloweka vyombo vya upasuaji kwenye dawa kali ya kuua viini. Matroni hutuhimiza tuvae barakoa na kufungua dirisha, lakini mimi mjuaji nilisema nimeizoea. Muda si muda machozi yakanitiririka na koo likakauka.

Hapo ndipo nilipotumwa kuwaambia jamaa za Mzee Mutua kwamba upasuaji wake wa ngiri umeenda vizuri. Mkewe na binti yake Mwende walikuwa wakingoja koridoni. Mama aliponiona nikifuta machozi, alisimama.

"Sista, mzee yuko aje?"

Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nikatikisa kichwa na kumshika bega, nikimaanisha angoje kidogo.

"Uui! Mutua ameniacha!"

Nilijaribu kukanusha, kikatoka kikohozi kama kwikwi za msiba. Binti akanikumbatia. "Pole, sista. Kumbe ulimpenda baba hivi."

Mama akafuta machozi upesi. Alinikagua kutoka kofia hadi viatu.

"Kwani wewe unamlilia bwana yangu kama nani?"

Kabla sijapata sauti, mlango wa thieta ya upasuaji ukafunguka. Mzee Mutua alisukumwa nje akiwa kitandani, macho mazito kwa usingizi.

"Mama Mwende," akauliza, "nani amekufa?"

Mama akaninyooshea kidole. "Muulize huyu mjane mwenzangu!"