Chumba cha Utulivu

Kaka yangu alikuwa dobi kwa miaka arobaini na tatu, na hakuwahi kupiga pasi nguo bila kumwombea mwenye nguo. Pasi ikipita kwenye kola, midomo yake inacheza: huyu kafiwa, yule hana usingizi, huyu ndoa yake inayumba. Kola na mifuko vilimwambia mengi kuliko majirani, na majirani wetu si watu wa kufunga mdomo.

Alipotimiza miaka sabini na tano, mwanawe, meneja wa sijui nini, alirudi kutoka semina moja akiwa amejaa maneno. Eti wazee wanahitaji utulivu wa roho. Akaigawa meza ya pasi, akaigawa na pasi yenyewe, kile chumba cha kazi akakipaka rangi ya buluu. Akaweka zulia, kiti cha kujinyoosha, na redio ya kutoa sauti ya maji yanayotiririka. Maji! Mzee wa kibofu kile unamfungulia maji kutwa nzima.

"Baba, sasa pumzika, uwe karibu na Mungu," akasema, akaondoka na gari lake.

Miezi mitatu kaka alikaa humo kama mzigo uliosahaulika stendi. Chakula anakidonoa tu. Nilipombana, akaniambia kwa aibu, "Dada, siwezi kusali tena. Nafumba macho, simwoni mtu wa kumwombea." Nilitaka kulia, lakini hasira ilitangulia.

Jumapili bwana meneja akaja kukagua utulivu wake. Nikammwagia chai kifuani, makusudi, na radhi siombi. Nikamvua shati, nikalisuuza, nikaleta pasi yangu na blanketi, nikatandika kwenye meza ya chai.

"Kaka, mnyooshee mwanao."

Akaligeuza shati. Vidole vikasimama kwenye kola.

"Imelika huku kushoto," akasema. "Tangu utoto, ukiogopa unajikuna hapa. Una nini, mwanangu?"

Mtaalamu wetu wa roho za wenzake akajitupa kwenye kiti cha utulivu, na fulana yake, akaangua kilio. Kazi alishafukuzwa miezi miwili iliyopita. Kila asubuhi anavaa, anamuaga mkewe, anaenda kukaa ndani ya gari.

Kaka alinyunyiza maji, akashusha pasi, midomo ikaanza kucheza.

Mimi nikaizima ile redio.