Mayai ya Kinyonga Uani kwa Bi Najiat

Advera, mpangaji anayeuza asali barazani kwa Bi Najiat kule Ng'ambo, alimpata kinyonga wake mikononi mwa watu wazima. Hilo lisemwe kwanza, maana likitokea jambo la aibu mjini Tabora desturi yetu ni kuwasingizia watoto. Wanaume wanne wenye ndevu na wake walikuwa wameacha mchezo wao wa drafti, wamembana mnyama taya, wanamtia ugoro kwa njiti ili waone atageuka rangi mara ngapi kabla hajafa. Advera alitua ndoo yake, akawasalimu kwa adabu, kisha akawauliza wakishamaliza kucheka watakuwa wamepata nini. Akamtwaa kinyonga, akamwosha kinywa kwa maji, akaondoka naye akiwa ameng'ang'ania pindo la khanga.

Advera ni mzaliwa wa Bukene, mjane, mama wa Emilian, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Asali yake huletwa kwa madumu kutoka maporini, naye huiyeyusha nta, akaichuja kwa kitambaa na kuipima kwenye chupa. Penye asali hapakosi nzi. Kinyonga aliwekwa kwenye mlimao ulio kando ya baraza, akawa anawadaka nzi mmoja mmoja bila haraka, na Advera akambandika jina la Bibi Taratibu. Wateja wengine walizoea. Wengine walinunua asali wakiwa wameupa mlimao kisogo, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa kinyonga ni mkosi, na mkosi huo tunaubeba hata tukiwa na rozari mfukoni.

Mvua zilipokaribia kukatika, Bibi Taratibu alinenepa tumbo hadi mbavu zikawa na manundu. Akakataa nzi. Akateremka mtini na kuanza kutembea uani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawa anaparua ardhi kwa miguu ya mbele, anaacha, anakwenda kuparua pengine.

Sasa, ua wa nyumba ya Ng'ambo si mahali pa kuchimba. Unanyunyiziwa maji na kufagiwa kila alfajiri, mwaka baada ya mwaka, mpaka udongo unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Mwanamke ambaye ua wake una jani moja saa mbili asubuhi husemwa mpaka kisimani, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa mkali wa ufagio kumshinda Advera mwenyewe. Kwa hiyo Magreth, mke kijana wa chumba cha nyuma, alipoona vishimo alivifukia na kufagia juu yake, tena Advera akamshukuru. Siku iliyofuata kinyonga akaanza upya, na vishimo vikafukiwa upya. Ilipofika siku ya tatu mnyama alikuwa amelala chini, rangi ya majivu, macho yamezama.

Aliyeeleza kinachotokea ni Prosperi, mkulima wa Ulyankulu anayemletea Advera asali. Alimtazama kinyonga, akasema kule kwao wakigeuza vitalu vya zamani vya tumbaku hukuta mayai ya wanyama hawa chini ya udongo laini wenye unyevu, kina cha mkono mpaka kiwiko. Jike akikosa mahali pa namna hiyo hufa na mayai yake tumboni.

"Huyu haumwi, mama," alisema. "Amekosa udongo tu. Na akishataga msiyaguse. Sisi tukiyageuza huoza."

Advera alijiona mjinga, akaenda moja kwa moja kuchukua jembe. Kwenye kivuli cha ukuta wa bafu aliuvunja ule ua aliokuwa akiutunza kama uso wake, akachanganya udongo na mchanga, akaulowesha, akamweka Bibi Taratibu pembeni. Kinyonga alikaa kidogo, kisha akaingiza kichwa na kuanza kazi.

Lakini mlio wa jembe uani huwatoa watu vyumbani, kwa sababu uani jembe huingia tu pakiwa na kitu cha kufukiwa. Masele, dereva wa bodaboda anayepanga chumba cha mbele, alitoka kifua wazi. Juma lile pikipiki yake ilikuwa imekufa injini. Pikipiki isiyobadilishwa oili haihitaji mchawi ili ife, na fundi alikwisha kumwambia hivyo, ila oili haina sura ya mtu wa kulaumiwa.

"Mama Emilian, unafukia nini hapo?"

"Sifukii. Namchimbia mzazi."

Masele akacheka kicheko kisicho na furaha, akaenda kuwaita wenzake. Kufika adhuhuri ua ulikuwa umejaa. Wengi hawakuja kwa ajili ya uchawi, walikuja kutazama mnyama akipasuka, kwa maana wanaamini kinyonga hazai, hupanda juu akajibwaga na kupasuka, wanawe wakatoka. Mmoja alikuja na kiti chake. Niambieni, huo ni uungwana wa wapi, mtu kubeba kiti kwenda kutazama mama akifa? Mji huu ulijengwa na misafara, ukapokea wageni wa kila kabila na kila dini, ukawapa maji na pa kulala. Leo unashindwa kumpa kiumbe wa kiganja kimoja shimo la kutagia.

Advera alifunga kamba kutoka mlangoni mwa bafu hadi nguzo ya jiko, akatundika khanga mbili kama inavyofanywa mwanamke akishikwa na uchungu, akaweka kigoda mbele yake na kukaa. Waliomwomba apishe kidogo aliwaambia wakaombe kwa wake zao. Magreth peke yake ndiye aliyeruhusiwa kupita, akipeleka maji ya kulowesha udongo, na alipita zaidi ya mara moja.

Jua lilikuwa limeanza kulegea kinyonga alipotoka, amekonda kama kipande cha ngozi, akafukia shimo kwa miguu ya nyuma, akalikanyaga taratibu. Hakupasuka. Mwenye kiti alisonya na kukibeba.

Hapo Masele akadai shimo lifukuliwe. Akasema kama ni mayai, yaonekane, na kama ni dawa, mwenyewe atajua pa kwenda. Akaongeza kwamba watu wameshayaona yale macho mekundu ya mchawi. Macho ya Advera ni mekundu kwa moshi wa kuyeyusha nta, na Masele amekula asali ya moshi huo. Naye Advera, kama kila mama wa Unyamwezi na Usukuma, anajua neno kama hilo limewafikisha wapi vikongwe wasio na hatia. Hakuinuka kigodani.

Bi Najiat, mwenye nyumba, alitoka na tasbihi mkononi akasikiliza pande zote. Si mtu mbaya, ila anapenda mambo yaishe haraka, na mabaya mengi hupitia kwa watu wa aina hiyo.

"Fukua kidogo tu, Mama Emilian," akasema. "Wayaone, yaishe."

"Bi Najiat, yakiguswa yanaoza. Siwezi kuwaua watoto wa mwenzangu ili Masele anisafishe jina."

"Basi utahama."

"Nitahama. Ila leo nakaa hapa, na atakayefukua anianze mimi."

Bi Najiat akauliza kama yupo aliyeona kilichoingia mle ndani. Magreth alikuwa amesimama karibu na jiko na ndoo tupu. Mumewe hunywa kahawa na Masele kila jioni, na hilo lilijulikana nyumba nzima. Advera hakumtazama.

"Nimeona mimi," Magreth akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mayai. Meupe, madogo kama maharage. Mengi."

"Umefumbwa macho wewe," Masele akamkatiza.

"Nilikuwa hatua moja, shemeji. Wewe ulikuwa nyuma ya khanga."

Kuna aliyecheka, na kicheko kikaenda kwa Masele. Bi Najiat alivuta tasbihi punje kadhaa, akasema ushahidi wa aliyeona unamtosha, shimo lizungushiwe miiba, na mpangaji atakayeligusa afungashe vyombo siku hiyo hiyo. Masele akatoka kwenda kijiweni kuyasema upya kwa watu wasiokuwepo. Ndivyo tulivyo.

Uani walibaki wanawake wawili. Magreth alitegemea asante, ikawa haiji. Advera alikuwa akizifungua khanga kwenye kamba, na hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Uliyaona tangu saa nane," akamwambia. "Wameniita mchawi mbele yako, nawe umeshika ndoo."

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Hata mimi."

Akampa panga, wakaenda wote nyuma ya nyumba kukata matawi ya miiba kabla giza halijaingia.